Pichi Moja, Zabibu Saba

Shemeji yangu Jelagat hakuwa mtu wa kusema uongo, mpaka alipopewa fomu ya kujaza.

Kila asubuhi saa mbili alishuka basi Kingstanding, mtaa wa Birmingham, Uingereza, akamfungulia mapazia Bi. Pargeter, ajuza wa miaka tisini na moja asiye na jino hata moja, akampikia uji wa shayiri. Bibi aliutazama uji, kisha akamtazama Jelagat, kana kwamba vyote viwili vimemwagika kwenye zulia lake.

"Toa."

Hakula.

Sasa, kampuni ya kuhudumia wazee iliyomwajiri ilikuwa na daftari. Kila tonge liandikwe. Siku tatu mfululizo bila chakula, mhudumu anaitwa ofisini, na kibali cha Jelagat cha kukaa nchini kilitegemea ofisi hiyo hiyo.

"Shem, nikiandika hakula, watasema ni mimi nimeshindwa," aliniambia. "Watanirudisha nyumbani."

Juu ya kitanda cha bibi kulikuwa na mchoro wa enzi za Rokoko, wakati Wafaransa walipokuwa hawawezi kuacha hata mguu wa kiti bila kuupinda na kuupaka dhahabu. Maua ya waridi yamejimwaga kwenye chombo, bakuli limejaa matunda, zabibu zina umande. Jelagat aliinua macho kutafuta cha kuandika. Akaandika: pichi moja, zabibu saba.

Kesho yake, pichi ya kwenye mchoro ilikuwa imeng'atwa.

Alijiambia ni uchovu. Akahesabu zabibu. Saba hazikuwepo, vimebaki vikonyo. Kidevu cha bibi kilikuwa kimelowa utomvu mtamu.

"Endelea kuandika," bibi alisema.

Akaendelea. Tini mbili. Plamu nne. Kipande cha tikiti. Bibi aliongeza kilo tatu, na msimamizi, Kamaljit, akatuma barua pepe ya pongezi yenye kikatuni cha ua. Hakuna aliyeuliza matunda yalinunuliwa wapi. Fomu haikuwa na kisanduku cha swali hilo. Kwenye mchoro, waridi zilianza kunyauka.

Ijumaa bakuli lilikuwa tupu. Nzi mmoja ukingoni.

"Leo utaandika nini?" bibi alinong'ona.

Jelagat alishika kalamu. Akaandika ukweli: Hakula kitu. Akafunga daftari. Akageuka kuchukua koti.

Nyuma yake, kitanda kililia.

Hakumbuki basi lililomleta kwetu Ladywood. Nilimpa chai, akashika kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Huu mwingine hausikii kitu," alisema polepole.

Akapandisha mkono wa sweta. Kutoka kiwikoni hadi kiganjani, alama za meno. Safu mbili. Kamili.

Jumatatu asubuhi Kamaljit alituma habari njema: kampuni itamdhamini Jelagat miaka mitatu zaidi. Mteja ni yule yule, amemwomba kwa jina. Aliambatanisha picha ya ukurasa wa Ijumaa, mfano wa kuigwa na wahudumu wengine.

Maneno "Hakula kitu" hayakuwepo. Kwa mwandiko wa Jelagat, herufi zake zile zile zinazolalia kushoto, iliandikwa: Mkono wa kulia, nusu. Uliobaki, kesho.

Chini yake Kamaljit ametia saini, na kuweka tiki kwenye kisanduku cha protini.