Doa Kati ya Chenga

"Kanga, picha iko tayari. Ni yule seremala. Mubebe."

Mkuu Karangwa akakata simu bila kungoja jibu.

Kaliza, jasusi wa idara aliyeitwa Kanga kazini, akaitazama picha kwenye Samsung yake. Safi kupita kiasi. Asubuhi aliipiga kwa Nikon kupitia tundu la bati, karakana ikiwa giza, ISO, uwezo wa kamera kunasa mwanga, ameipandisha hadi elfu kumi na mbili. Ilitoka imejaa chenga, vinukta vya rangi kila mahali. Jean-Paul, fundi wa picha pale ofisini Kacyiru, alizifuta zote. Sasa mtu aliyepakia vilipuzi ndani ya sofa, kofia imemfunika macho, alikuwa na shavu laini kama sahani ya plastiki.

Shavu la mtu yeyote.

Mbele yake seremala Melchior alipiga magoti kwenye vumbi la mbao la karakana yake, Gisozi, mikono imefungwa.

"Afande, mi sijuwe hiyo mizigo! Lori ilishabeba sofa zote, inaenda Bugesera. Niko na watoto wane. Mbabarira, nisamehe!"

Kwa kesi ya vilipuzi angeozea ndani.

Kaliza akafungua laptop kwenye boneti ya RAV4. Picha ghafi, sita mfululizo. Akazipitisha harakaharaka. Chenga hazitulii, kila picha zinaruka mahali pengine, nyekundu huku, kijani kule.

Isipokuwa moja.

Nukta nyeusi chini ya sikio la kushoto haikuhama hata mara moja. Ile haikuwa chenga. Lilikuwa doa la ngozi.

Akaigeuza shingo ya Melchior. Hakuna kitu.

Doa lile alilijua. Jumapili alilibusu.

Mapenzi, bwana! Yanampumbaza hata jasusi. Jean-Paul, mchumba wake, alikuwa amejifuta mwenyewe na kumbakiza maskini wa watu. Kaliza akafunga laptop. Akapiga simu.

"Chéri, uko wapi?"

"Iko office, bebe. Picha uliona?"

"Niliona. Umesafisha vizuri."

Nyuma ya sauti yake ng'ombe akalia. Kacyiru kuna wizara na balozi. Ng'ombe hakuna. Wako Gahanga, njia ya Bugesera.

Akashika redio. "Lori la sofa liko Gahanga. Fungeni barabara ya Bugesera. Na huyu seremala mfungueni. Sasa hivi!"

Alipofika Gahanga, vijana wa idara walikuwa wamezipasua sofa. Vilipuzi vyote vilikuwemo. Jean-Paul alisimama kando ya lori, mikono juu.

"Kaliza, kweli unanifanyia hivi mimi?"

Kaliza akamlenga kwa bastola yake ya Glock. "Yule mzee ana watoto wanne. Ulijua?"

Jean-Paul akatazama chini. Alijua.

Wakamfunga pingu. Simu ya Kaliza ikaita. Mama Athanasie, mama yake Jean-Paul.

"Mukazana, mkwe wangu, chakula iko tayari. Mbona Jean-Paul hashike simu? Munakuja?"

Kaliza akavaa miwani ya jua, akampita mchumba wake bila kumtazama.

"Nakuja, mama. Peke yangu."