Mshale Ulioshuka Korongoni

Siku ile Marcellin alirudi asubuhi kutoka kwenye lindo lake la usiku mtaa wa Kensington, akavua buti, akajidunga insulini, akamwambia mkewe, "Nalala kidogo. Nitakula nikiamka." Masika akafunika sahani, akaenda zake saluni. Aliporudi, sahani ilikuwa bado imefunikwa. Sukari ya Marcellin ilishuka akiwa usingizini, na hakuna aliyekuwapo kumwamsha. Tangu siku hiyo upande wa kushoto wa kitanda, katika fleti yao ya Hillbrow, umekuwa wa kuwekea nguo safi.

Binti yao Falonne alikuwa na kisukari kilekile cha baba yake. Kwa hiyo mchango wa kilio uliobaki, badala ya kujengea kaburi, wanawake wa kanisa walimnunulia kipimo: kidude cha duara kama kifungo cha koti, kinachobandikwa nyuma ya mkono juu ya kiwiko. Uzi wake mwembamba hukaa chini ya ngozi na kuituma namba ya sukari kwenye simu mchana na usiku, pamoja na mshale wa kuonyesha kama sukari inapanda au inashuka. Masika alishukuru kwa mdomo. Lakini kila simu ilipolia alisema, "Zima hiyo kelele." Hakuwahi kuitazama.

Mwaka ulipotimia, alitaka kumaliza matanga kule Marcellin alikozoea kwenda kuomba, kwenye korongo moja la milima ya Magaliesberg. Jirani yao Mwadini, mtu wa Tanga mwenye pikapu, alijitolea kuwapeleka. Walisimama njiani kituo cha mafuta, naye akatoka mgahawani mfuko wa jaketi umevimba.

"Anko, umeiba tena sukari?" Falonne alimuuliza.

"Si wizi. Zimewekwa kwa ajili ya wateja, nami ni mteja."

"Eish! Umenunua kikombe kimoja, umebeba pakiti za mtaa mzima."

Waliliacha gari ng'ambo ya kijito, wakavuka kwa kukanyaga mawe, wakapanda hadi kwenye jiwe pana alipokuwa akipiga magoti Marcellin. Masika akatandika kitenge, akafunua sufuria ya fufu na sombe ya majani ya muhogo. Falonne alipoona chakula kimefunuliwa, akajidunga insulini ya kutosha sahani nzima, kama alivyozoea nyumbani. Lakini nyumbani baraka ya chakula ni maneno machache. Hapa yalikuwa maombi ya kumaliza matanga, na kwa Wanande wa Butembo, kabila lao kule Kongo, hakuna anayeonja kitu kabla hayajaisha.

Masika aliomba. Alimwombea marehemu, akawaombea wazazi wa marehemu, akaiombea Kongo nzima, mkoa kwa mkoa.

"Mama Falonne," Mwadini alinong'ona, "mimi nimeswali adhuhuri, nimerudi, nimezeeka, nyinyi bado mko kwenye utangulizi."

Falonne alicheka akiwa amefumba macho. Ndipo mwanga ulipobadilika. Wingu jeusi lilikuwa limetokea nyuma ya mlima, na kabla Masika hajafika kwenye amina, mvua ya mawe iliwaangukia kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori. Walikimbilia chini ya mwamba uliojitokeza. Kutoka hapo walisikia mngurumo usio wa radi. Maji ya rangi ya matofali yalishuka korongoni yakisukuma magogo, yakapanda juu ya jiwe, yakabeba kitenge, sufuria na mkoba wa Falonne wenye peremende zake za dharura. Mwadini aliruka kuuwahi mkoba, akateleza, na mwamba ukampasua muundi. Alirudi akitambaa, mikono mitupu.

Masika alichana kilemba chake, akamfunga mguu kwa nguvu hadi damu ikapungua.

"Unaweza kusimama?"

"Nikiambiwa kuna chai, nitakimbia."

Hapo simu ya Falonne ikalia, ndani ya mfuko wa mkate alimoitia isilowe. Aliitazama, uso ukabadilika.

"Mama, nimeshajidunga. Na sijala."

Masika hakuhitaji kuelezwa zaidi. Insulini ilikuwa tayari mwilini, ikitafuta chakula kilichokuwa kikielekea bonde la chini.

"Ngapi?"

"Tano nukta sita, na chini ya tatu ni hatari. Mshale unashuka."

Mwadini aliingiza mkono mfukoni. Pakiti za sukari zilikuwa zimelowa, karatasi zimekuwa uji. Masika alizipokea kama anayepokea mtoto mchanga, akataka kumpa bintiye zote palepale.

"Hapana, Mama. Mbili kwanza. Namba ya kipimo inachelewa nyuma ya damu, kwa hiyo itaendelea kushuka hata kama sukari imeshaingia. Tukiogopa tukamaliza zote sasa, baadaye tutakuwa na nini?"

Alilamba mbili, wakangoja. Nne nukta moja. Masika aliuma midomo. Tatu nukta tisa. Kisha mshale ukalala, ukawa sawasawa kama mstari wa mwalimu ubaoni.

"Sasa tutembee," Falonne alisema. "Ukishuka tena, tunakaa. Kutembea nako kunakula sukari."

Kijito hakikuvukika, na huko simu ilipokea namba za kipimo tu, haikuwa na mtandao wa kupiga. Mwadini alionyesha juu, zilikopita nyaya za umeme. "Nyaya zinakwenda kwa watu. Tuzifuate."

Wakapanda. Mawe yaliteleza kama sabuni. Miiba ilichana mikono, na barafu ya ile mvua ya mawe iliyojaa kwenye nyufa iliwagandisha vidole. Mwadini alikwenda mbele akiburuta mguu, Masika nyuma akimsukuma binti yake kiunoni. Mwendo wao wote uliongozwa na simu ile. Mshale ukilala, walipanda. Mshale ukiinama, walikaa hata kama mvua inawapiga, Falonne akalamba pakiti moja, wakangoja. Masika alianza kuona kwamba mtoto wake hakuwa akibahatisha. Alikuwa akisoma hali yake ya ndani kama nahodha anavyosoma kina cha maji, kwa utulivu ambao baba yake, na kile kimashine chake cha kutoboa kidole mara mbili kwa siku, hakupata kamwe nafasi ya kuwa nao.

Karibu na kilele Falonne aliketi bila kuambiwa.

"Ngoja nipumzike, Mama."

Mikono yake ilitetemeka, lakini wote walikuwa wakitetemeka kwa baridi. Alitabasamu. Akaanza kusema Kizulu, akicheka peke yake. Masika alipomsogezea sukari, alimsukuma mkono.

"Sitaki. Nalala kidogo."

Masika alibaki amechuchumaa. Macho yake yalimwambia kwamba mtoto amechoka tu, amwache apumue. Ndivyo ambavyo yeyote angemwona Marcellin asubuhi ile: mtu aliyechoka. Akaichomoa simu kutoka mikononi mwa binti yake na, kwa mara ya kwanza, akaitazama yeye mwenyewe.

Mbili nukta nane. Mshale umeelekea chini kabisa.

"Kaka Mwadini, mshike kichwa!"

"Nimemshika."

"Falonne! Fungua mdomo. Ni mimi, mama yako."

"Niache..."

"Sikuachi."

Zilibaki pakiti tatu. Masika alizikamua kwenye kiganja, akachovya kidole, akampaka sukari ndani ya shavu na kwenye fizi, kidogo kidogo asije akapaliwa. Falonne alimuuma. Masika hakuondoa kidole.

"Inasemaje?" Mwadini aliuliza.

"Bado inashuka. Inachelewa," Masika alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anachosema. "Tungoje."

Wakangoja. Mvua ilipungua ikawa manyunyu. Mbili nukta saba. Mbili nukta saba tena. Kisha tatu kamili, na ule mshale, mdogo kuliko punje ya mchele, ukainua kichwa. Masika alilia kwa sauti, kitu ambacho hakukifanya hata makaburini.

Falonne alifumbua macho vizuri. "Mama, mbona umeshika simu yangu?"

"Nyamaza. Naisoma."

Ilipofika nne na nusu walisimama. Upande wa pili wa kilele nyaya ziliteremka hadi kwenye uzio wa shamba lenye nyumba za kulala wageni, na getini mlinzi mmoja aliona watu watatu wamepakwa tope, mmoja wao akichechemea.

"Poleni! Mmetoka wapi?"

"Mkubwa," Mwadini alisema, "una chai? Na usiihurumie sukari."

Mlinzi aliwapa chai na mkate wenye jamu, akaita gari la wagonjwa. Falonne alikula bila kungoja maombi ya mtu. Masika alimwangalia hadi tonge la mwisho, kisha akamwomba amfundishe jinsi ya kuzipata namba zile kwenye simu yake mwenyewe.

Siku hizi mlio ukisikika saluni, yeye huacha msuko katikati na mteja husubiri. Kipimo hudumu wiki mbili. Kikiisha, Masika ndiye anayebandika kipya.