Kucha za Simba wa Hoteli ya Porini

Saa saba kasorobo mchana, Jumapili moja ya mwaka 1993, mhudumu wa Hoteli ya Porini pale Mikumi aligundua kuwa simba amenyofolewa kucha mbili. Simba huyo alikuwa wa kweli, amekaushwa na kujazwa maranda, na ndiye aliyewavuta wateja; twiga na tembo wote wa ukumbini walikuwa wa saruji tu. Mwenye hoteli, Mudathir, alifunga mlango. Bahati yake, Sajini Hildegarda wa polisi Kilosa alikuwa mezani na familia yake, wanakula chipsi.

Basi mapumziko yakaishia hapo. Sajini alianza na mpiga picha, ambaye kutwa husimamisha watoto mbele ya simba. Mkobani mwake hamkuwa na kitu ila filamu na kitana. Ndipo Mudathir akamleta mlinzi wa getini, Kulet, Mmasai mwenye sime kiunoni. Kwa Mudathir sime hiyo ilitosha kabisa: kazi basi, na leo leo Kulet akalale mahabusu. Wakamkalisha sakafuni, mikono imefungwa kwa shuka lake mwenyewe.

Hildegarda aliichomoa sime. Safi, haina chembe ya maranda. Alilijua hilo kabla hajaigusa.

Mapema, familia ilipofika hotelini, binti yake Lea alimwamkia bibi yake, Bi Bibiana, aliyewatangulia kwa basi kutoka Ulaya, kijiji cha huko huko Kilosa, na mjukuu mdogo anayemlea, Magreti. Lea aliinamisha kichwa, bibi akamwekea kiganja utosini, marahaba. Kelele za wizi zilipoanza, Hildegarda aliona maranda utosini mwa Lea, pale pale kiganja kilipogusa. Akayapangusa. Mama mkwe unamkamata vipi, jamani?

Saa nane kamili Kulet aliomba maji, akanyweshwa kama mtoto. Sajini akashindwa kuvumilia. Alipiga goti mbele ya mkwewe.

"Mama, naomba ufungue pindo la khanga."

Bi Bibiana alifungua bila ubishi, kucha zikaonekana. Mganga alimwambia zinazuia degedege, na Magreti alishikwa mara tatu mwezi ule.

"Wewe unashinda kituoni," alisema. "Mimi ndiye ninayemshika akitetemeka."

Hildegarda alimfungua Kulet, akamwomba radhi, akasingizia upelelezi kuchukua muda.

Kulet alijifunga shuka lake taratibu. "Afande, ulijua tangu saa ngapi?"

Lea alikuwa anamtazama mama yake.

"Saa saba kasorobo," alisema Hildegarda.