Miguu ya Mwenye Mzigo

Kontena lilitoweka yadini, na kufuli la geti halikuwa na hata mkwaruzo. Ndani yake zilikuwamo mashine za kusafisha damu za hospitali kuu, na huko wodini wagonjwa wa figo walizingoja kwa kufa na kupona.

Inspekta, mama asiyependa porojo, alimbana mlinzi. Mlinzi akaapa kuwa lori liliingia mchana kweupe, dereva akiwa na hati halali. Inspekta akaomba nakala ya hati ya shehena. Mahali pa mpokeaji, yaani mwenye haki ya kuuchukua mzigo, palipostahili jina la hospitali, paliandikwa jina la wakala wa forodha. Hospitali ilitajwa chini, mtu wa kuarifiwa tu.

Wakala alimpokea ofisini, makwapa yamelowa jasho. Alidai dereva kamtapeli, wala hajui lori lilikoelekea.

"Na jina lako limefikaje kwa mpokeaji?"

"Mazoea tu, afande. Tukijiandika wenyewe, mzigo hautoki kwa mbinde."

Karani wake, mama wa makamo, aliinua macho, kisha akayashusha haraka. Inspekta hakuwa kipofu. Akamwita nje. Karani akasitasita, mwishowe akasema bosi aliwahi kumkaripia hadi akalia kwa kosa hilohilo la kuandika jina la wakala mahali pa mpokeaji.

Inspekta alirudi ndani.

"Unawafundisha watu wako kwamba mwenye mzigo ndiye mpokeaji, ninyi ni miguu yake tu. Safari hii miguu imekwenda wapi?"

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Wakala akaketi, mikono usoni.

"Binti yangu figo zimekufa. Hospitali wakasema asubiri zamu. Zamu yenyewe ingemkuta kaburini. Nikawaambia waliotuma mzigo waniandike mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, afande."

"Mashine ziko wapi?"

"Kwa shemeji yangu, muuguzi mwenye zahanati. Tumefungua moja tu."

Zahanatini, Inspekta na wakala walimkuta binti amelala, damu yake ikipita kwenye mirija kwenda mashineni na kurudi. Inspekta akatoa pingu. Simu yake ikalia: daktari wa wodi, akiuliza mashine zitafika lini, maana kuna mgonjwa hali yake inazidi kuwa mbaya.

"Zinapakiwa sasa hivi, daktari," alijibu. "Moja itachelewa kidogo. Itakuja na mgonjwa wake, mtafutie kitanda."

Akazirudisha pingu mfukoni, akavuta kiti, akakaa kando ya baba mtu kungoja damu imalize mzunguko wake.