Kikombe cha Maji ya Kwanza

Nyungunyungu aliingia bombani asubuhi, watu wakipiga mswaki, wala hakuna aliyejua. Si yule wa udongoni anayetokeza mvua ikinyesha. Huyu alikuwa wa chuma laini, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, hana macho wala miguu, na tumboni amebeba utomvu wa kuzibia nyufa. Alijivuta ndani ya bomba la Mtaa wa Birika, maji yakimpita ubavuni, mpaka akafika kwenye ufa mwembamba kama unywele. Akausugua, akaupaka utomvu, akaulalia kidogo ukauke, kisha akashika njia yake. Ufa ule ungepasuka kabla ya mwezi kuandama na kuigeuza barabara kuwa mto. Sasa haungepasuka tena.

Katika ofisi za Idara ya Maji ya jiji la Lukwambe, Mhandisi Nakiete Mrutu alikuwa akiifuatilia safari hiyo kwenye kioo-hewa, ule ukungu wa mwanga unaoning'inia katikati ya chumba na kuonyesha mabomba yote ya jiji. Aliyemtuma nyungunyungu hakuwa mtu. Alitumwa na Tabiri, mfumo wa kuratibu matengenezo unaoendeshwa na akili unde. Visikizi vidogo vilivyobandikwa kwenye mabomba vilisikiliza sauti ya maji usiku na mchana. Tabiri ikapokea vilichosikia, ikapima umri wa bomba, presha na aina ya udongo, ikajua bomba lipi litaugua na lini, ikapeleka tiba kabla mgonjwa hajajijua kuwa ni mgonjwa.

Kazi ya Nakiete ilikuwa kuchagua. Msimu mzima wa masika Idara ilikuwa imejaribu mifumo miwili. Wa pili uliitwa Zamu, nao haukuwa na maajabu: ulipokea taarifa za wananchi, ukawapangia mafundi kazi, ukafuatilia vipuri, ukamkumbusha msimamizi kazi ipi imelala. Zamu ikichaguliwa, mafundi wangebaki mitaani. Tabiri ikichaguliwa, wangehamishiwa kituo cha kusafisha na kuchaji nyungunyungu, na asingekuwepo tena fundi wa kubisha hodi nyumbani kwa mtu. Jumatatu Nakiete alitakiwa kutia sahihi kwenye jina moja.

Moyoni alikuwa upande wa Zamu, na sababu yenyewe aliionea haya. Ilikuwa ni baba yake.

Marehemu Fundi Elinihaki alizunguka mitaa ya Lukwambe na begi la spana tangu jiji lilipokuwa bado mji mdogo wenye mashamba ya mahindi katikati. Enzi hizo fundi akishatengeneza bomba hakuondoka. Alifungulia koki, maji mekundu ya kutu yakamwagika mpaka yakatakata, na mwenye nyumba akakinga kikombe. Fundi ndiye aliyekunywa kwanza, mbele ya macho ya watu, maana nani atayaamini maji ambayo aliyeyaleta anayaogopa? Kisha mwenye nyumba naye akanywa. Wakayaita maji ya kwanza. Hakuna sheria iliyosema hivyo, lakini kazi haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka kikombe kinywewe, na hakikuwahi kunywewa kimyakimya. Hapo ndipo ungejua nani anaumwa mgongo, mtoto wa nani amefaulu, mbuzi wa nani amekula mchicha wa nani. Fundi Elinihaki alirudi nyumbani tumbo limejaa maji na kichwa kimejaa habari, na mkewe akamkaripia kwa kuchelewa huku amekwisha kuvuta kigoda asikilize. Nakiete aliyasikia hayo yote kutoka kitandani, makande yakinukia jikoni, na hata leo akisikia koki ikikohoa kabla ya kutoa maji hupata harufu ya makande.

Mafundi wa Zamu bado walikunywa maji ya kwanza. Kwenye ripoti ya kulinganisha mifumo, vikombe hivyo vilikuwa vimepewa rangi ya kijivu na jina lavyo: muda mfu.

Siku hiyo ya Ijumaa kikao kilikuwa kidogo. Alikuwepo Nakiete, msaidizi wake Senkoro, kijana mcheshi aliyeshughulikia takwimu, na Bi Yusra, mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza Tabiri, mama mwenye sauti ya upole asiyepandisha neno hata anapopingwa.

"Kuna jambo moja ambalo Tabiri imelibaini, Mhandisi," alisema Bi Yusra. Akagusa ukungu, na juu ya mitaa ya zamani ya mlimani vikajitokeza vidoti vyekundu. "Koki hizi zinaharibika kupita kiasi. Bomba ni zima, presha ni nzuri, lakini nati inalegea, inatengenezwa, inalegea tena. Chuma hakina tabia hiyo. Hizi zinalegezwa kwa mkono."

Senkoro akaangua kicheko. "Watu wana ugomvi na koki zao! Huyu hapa sasa, jirani na tangi la zamani, huyu ni bingwa. Fundi akimaliza kumtengenezea, hata spana haijapoa, anaita tena!"

"Tunapendekeza koki zisizo na nati," Bi Yusra aliendelea. "Hazifunguki wala hazivunjiki. Uharibifu utakwisha wenyewe."

Nakiete hakusikia vizuri maneno hayo. Alikuwa akikitazama kile kidoti jirani na tangi la zamani. Kwenye lile tangi ndiko alikojifunza kupanda ngazi, na nyumba iliyo jirani nalo ilikuwa moja tu. Aliwaambia wenzake kwamba amepata dharura. Senkoro alimwangalia usoni, na kicheko kikamkauka palepale.

Alimkuta mama yake uani anachambua mbaazi. Mama alishtuka kumwona mwanawe mwenyewe, si picha ya ukutani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja tu."

"Mchana wa kazi? Haya, karibu ukae."

Nakiete hakukaa. Alikwenda kwenye koki ya uani, akaikuta inadondosha maji tone baada ya tone. Ukutani, kwenye msumari uleule, ilining'inia spana ya baba yake, nayo ilikuwa na unyevu.

"Mama, koki hii imeharibika mara ngapi tangu masika?"

"Koki zenyewe za siku hizi, mwanangu, hazina—"

"Mama."

Mama Nakiete akacheka, kicheko cha mtu aliyefumwa anadokoa nyama chunguni. Kisha kicheko kikaisha, akabaki anazitazama mbaazi. "Nalegeza kidogo tu. Wala haimwagi sana, naweka ndoo. Kesho yake anakuja kijana, anatengeneza, tunakunywa maji ya kwanza, ananipa habari za mjini. Yupo mmoja mke wake amejifungua mapacha, unajua? Nimewafumia kofia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mama yako anaharibu mali ya umma ili apate mgeni?"

"Lakini si tunaongea kila jioni?"

"Tunaongea. Unatokea pale ukutani unang'aa kama malaika. Nakuuliza umekula, unasema umekula. Unaniuliza maji yanatoka, nasema yanatoka." Akanyanyua macho. "Ule mwanga haunywi maji, Nakiete."

Mhandisi akakaa sasa, chini kabisa, kwenye mkeka wa mbaazi, na suruali yake ya ofisini. Aliona uchungu, na haya juu ya uchungu. Akamweleza mama yake yote, Tabiri na Zamu na sahihi ya Jumatatu. Akamwambia kwamba vile vidoti vyekundu vilikuwa vingi.

"Najua," alisema mama yake. "Hata Mwalimu Kisaka hapo juu ni mimi niliyemfundisha. Tangu mkewe afariki hana wa kusema naye. Mikono yake mizito, mara ya kwanza alivunja koki nzima."

"Basi nitachagua Zamu. Mafundi wataendelea kuja."

"Na watu wa Bondeni?"

Bondeni maji yalifika siku mbili kwa wiki, kwa sababu yaliyobaki yalipotelea njiani kwenye mabomba mabovu. Watoto wa huko waliamka alfajiri kupanga madumu. Zamu ingepunguza upotevu kidogo. Tabiri ingewapa maji kila siku, na hilo hakuna aliyelibishia, hata Nakiete mwenyewe aliyelitafutia kasoro msimu mzima.

"Baba yako aliwaahidi watu wa Bondeni maji mpaka siku anaingia kaburini," mama yake alisema. "Alirudi toka kule hata kula hali. Leo wewe una uwezo wa kuwapa, halafu uwanyime, useme ni kwa ajili ya mama? Usinibebeshe mzigo huo, mwanangu. Kiu yangu mimi haitibiwi na bomba."

Jumatatu, kabla ya kutia sahihi, Nakiete aliomba jambo moja. Alitaka Tabiri iongezewe hatua ya mwisho: kazi isifungwe mpaka maji yake yanywewe nyumbani kwa mtu.

Bi Yusra hakucheka. Alifikiri kweli. "Kuiongeza ni rahisi, Mhandisi, jioni ya leo ingekuwa tayari. Lakini kikombe atakinywa nani? Nyungunyungu yumo ndani ya bomba, na mara nyingi mwenye nyumba hatajua hata kwamba kulikuwa na kazi. Tabiri inatengeneza kitu kabla hakijaharibika. Hakuna anayemngojea fundi."

Nakiete akatia sahihi kwenye jina la Tabiri, kwa maana aliamini kwamba amefanya haki.

Na haki ilionekana. Kabla ya vuli kuisha maji yalifika Bondeni asubuhi na jioni, madumu yakapandwa mchicha, na mama mmoja wa huko akamtumia Nakiete picha ya mwanawe anaoga huku anaimba. Mafundi walihamishiwa kituoni. Hawakufukuzwa, wala mishahara haikupungua, ila Senkoro alisema kwamba wakati wa chai wanakaa kimya, kila mmoja na kikombe chake, kama watu waliosahau walichotaka kusema. Mitaa ya mlimani ikawekewa koki zile zisizo na nati, laini, nzuri, za rangi ya fedha. Kwenye kioo-hewa vidoti vyekundu vilizimika kimoja kimoja mpaka mlima wote ukawa kijani. Wageni walioletwa kuona mafanikio walionyeshwa mlima huo kwanza.

Jumamosi moja Nakiete alipanda kwenda kwa mama yake. Alikuwa amejiwekea ada hiyo, na kwa kweli alikuwa ameivunja mara kadhaa, kazi zikiwa kazi.

Mama yake alimpokea mlangoni kama mtu mwenye deni. "Koki haijaharibika," alisema haraka.

"Najua, Mama."

"Nilijaribu. Haina pa kushika."

"Najua."

"Sasa mtu utamwita kwa sababu gani?" Alisema kwa mzaha, lakini mzaha haukusimama. Akakinga maji kwenye kikombe cha bati, kilekile cha enzi za Fundi Elinihaki, akampa mwanawe. Nakiete akanywa kwanza. Yalikuwa maji matamu, safi kuliko maji yoyote aliyokunywa baba yake, na hayakuwa na ladha ya kutu hata kidogo. Akaikumbuka kutu ile, akaitamani mpaka macho yakamlowa.

Ndipo wakasikia. Kutoka nyumba ya juu ilishuka sauti ya jiwe likigonga chuma. Ngo. Kimya. Ngo, ngo.

"Nini hicho?"

"Mwalimu Kisaka," alisema mama yake bila kugeuka. "Anagonga koki yake. Toka juzi anagonga. Nimemwambia, Mwalimu, hizi hazivunjiki, hasikii. Mimi nina binti, Nakiete. Hata usipokuja, najua iko siku utakuja. Yeye je?"

Ngo, ngo. Visikizi vya jiji bila shaka viliisikia sauti hiyo, vikaipima, vikaona bomba ni zima na hakuna la kufanya.

Nakiete aliweka kikombe chini. Aliisogelea ile spana ya baba yake ukutani, akaitungua kwenye msumari. Hakukuwa na nati moja katika mlima mzima ambayo ingeitosha. Akaifuta kwa upindo wa kitenge cha mama yake, akaishika mkononi mahali pa kuonekana, akapanda kijia cha mawe mpaka mbele ya nyumba ya juu.

"Hodi!"

Kugonga kukakatika.

"Nani?" iliuliza sauti ya mzee, kwa woga wa mtu anayejua kwamba ametenda kosa.

"Fundi wa maji, Mwalimu. Nimesikia koki inakusumbua."

Jiwe likawekwa chini taratibu. Mlango ukafunguka. Mwalimu Kisaka aliitazama spana, akamtazama aliyeishika, na alijua vizuri sana, kama alivyojua Nakiete, kwamba koki yake haina pa kufungulia.

"Umechelewa," alisema. "Pita ndani. Ngoja nikakoshe kikombe."