Aliyebaki Maporomokoni

Saa kumi na mbili jioni kasoro robo, Filimbi alikuwa anashuka tena kwenye maporomoko kufuata miwani ya mama yake. Ngazi mia moja na arobaini za mawe, zote zimelowa, na siku hiyo alikuwa ameshazishuka na kuzipanda mara moja. Kazi ya kutembeza wageni ndivyo ilivyo, macho yanafaidi na miguu inalia. Lakini haikuwa miguu iliyomsumbua. Lilimsumbua neno alilolisema mama yake kule juu, ndani ya gari.

"Achana nayo miwani, mwanangu. Nitapata nyingine. Siku imekuwa nzuri mno."

Mama huyo huyo aliyewahi kuwasimamisha watoto wake wawili juani kutwa nzima wakitafuta kifungo kimoja cha gauni.

Filimbi akaongeza hatua. Giza lilikuwa limeshaanza kukaa chini ya miti.

Jina hilo alipewa na wageni, kwa ajili ya filimbi aliyoivaa shingoni miaka kumi na miwili. Safari yake ilikuwa ya siku moja. Asubuhi aliwapeleka watu kwenye msitu wa wanyama, mchana kwenye mashamba ya mpunga yaliyokatwa mlimani kama ngazi, alasiri kwenye maporomoko. Muda wote huo mama yake hakuwahi kukanyaga huko. "Kuwatembeza watu wazima wenye macho yao," alikuwa akisema, "hiyo nayo ni kazi?" Alimsema kwa kazi, kwa nguo, kwa namna anavyotafuna. Filimbi alikuwa na miaka thelathini na tisa, na hakukumbuka hata siku moja mama yake kumwambia neno jema. Alijifanya limeshamtoka moyoni. Halikuwa limemtoka. Alilitaka neno hilo moja kama mtoto anavyotaka kubebwa.

Sasa asubuhi ya siku hiyo dada yake, anayeishi na Mama, alisafiri kikazi wiki mbili. Alfajiri akamshusha Mama kwa Filimbi, yeye na begi lake, na kabla hata ya chai Mama akasema, "Leo nichukue na mimi nikaone."

Filimbi nusura amwage maji ya moto.

Basi akamchukua. Na kutwa nzima Mama hakusema kitu. Msituni mbega waliruka juu ya vichwa vyao, mgeni mmoja akaangusha kofia kwenye matope, watu wakacheka. Mama akafungua mdomo, akaufunga. Kwenye mpunga, Filimbi alikosea makusudi. Aliwaambia wageni kwamba miche hukaa kitaluni miezi mitatu kabla ya kuhamishwa, uongo mtupu, ili Mama, aliyelima mpunga tangu usichana wake, apate pa kumsahihisha. Mama alimtazama, akauma mdomo, akageukia maji yaliyokuwa yanashuka kutoka jaruba moja hadi jingine. Kimya kile kilimuuma Filimbi kuliko tusi. Alijua, au alidhani anajua, kwamba amemchukiza mpaka maneno yamemwishia.

Jambo moja zaidi lazima lielezwe, maana ndilo lililoharibu kila kitu. Filimbi hakuwa na tabia ya kuhesabu vichwa. Yeye aliwapanga wageni wawili wawili, kila mtu na pacha wake wa safari. Akipuliza filimbi, kila mmoja anamjibia pacha wake: "Yupo!" Hakuna anayejijibia mwenyewe, kwa sababu aliyepotea hawezi kusema kwamba amepotea. Wageni siku hiyo walikuwa kumi, wakapata jozi tano. Mama akabaki peke yake, kwa hiyo pacha wake akawa Filimbi.

Alasiri, maporomokoni, mvua ikawadondokea ghafla. Watu wakakimbilia ngazi. Filimbi alikuwa ameinama, anakusanya makoti ya mvua, akili yake yote iko kwenye kimya cha mama yake. Akapuliza.

"Yupo!" wakaitikia wageni, mmoja baada ya mwingine.

Pembeni ya jicho aliona kitambaa cha bluu, kile alichojifunga Mama kichwani. Hakugeuka.

"Yupo," akasema.

Walipofika kwenye gari, Mama alikuwa ameshakaa, anatabasamu. Miwani tu ndiyo haikuwepo usoni. Akasema ameisahau kwenye jiwe, akasema aachane nayo, akasema siku imekuwa nzuri mno. Wageni walikuwa wanakunywa chai kwenye kibanda cha getini, muda ulikuwepo. Filimbi akashuka, zaidi ili apate kupumua kuliko kutafuta miwani.

Ngazi ya mwisho. Mvuke wa maji ukampiga usoni. Harufu ya ukungu na mawe mabichi ilikuwa nzito kuliko ya mchana.

Kwenye jiwe kubwa kulikuwa na mtu amekaa.

Kitambaa cha bluu.

"Umekuja sasa," akasema yule mtu. "Tangu mvua ile nimekaa hapa kama gunia lisilo na mwenyewe."

Filimbi alisimama. Sauti ilikuwa ya mama yake. Mikono iliyokunjwa kifuani ilikuwa ya mama yake. Miwani ilikuwa usoni.

"Mama?"

"Ulimtaka nani? Mtoto mzima, unaongoza watu, mama yako mwenyewe unamsahau. Nilijua tu. Nilisema tangu zamani hii si kazi."

Simu ikalia mfukoni. Filimbi akaruka kama aliyeguswa na nyoka. Alikuwa ni dereva, mtu mzima wa maneno machache, aliyefanya naye kazi miaka yote.

"Bwana mdogo, giza hilo. Mama anauliza umekwama wapi."

"Mama... yuko na wewe?"

"Yupo hapa, amejifunika blanketi. Kwani vipi?"

Maji yalikuwa yanaanguka. Filimbi hakuyasikia.

"Nani huyo?" akanong'ona yule wa kwenye jiwe. "Nani anayejiita mimi?"

"Ngoja, anataka kusema na wewe," dereva akasema, na simu ikabadilisha mkono.

"Mwanangu?" Sauti ilikuwa ile ile, ya upole tu. "Rudi. Miwani si kitu. Nilikuwa nasubiri tufike nyumbani nikwambie, lakini nikwambie sasa. Umenifurahisha leo. Unaijua kazi yako. Sijawahi kukwambia, na nimekosa."

Machozi yakamjia Filimbi kabla hajajua ni ya nini. Akamtazama yule wa kwenye jiwe, aliyelowa, anayetetemeka, aliyekunja uso kama alivyoukunja maisha yake yote.

"Umesikia hayo?" akanong'ona yule. "Hebu sema ukweli. Mimi lini nilikusifu?"

Lini?

Filimbi akatafuta. Akarudi nyuma mpaka utotoni, mpaka darasa la kwanza, mpaka siku alipotoka hospitali na mguu uliovunjika. Hakuiona siku hiyo.

Akaweka simu mdomoni. "Kaka, mshushe huyo mtu kwenye gari. Siye mama yangu."

"Unasemaje?"

"Siye. Mama yangu ninaye hapa."

Kule juu ikasikika pumzi ya mtu, karibu sana na simu. Kisha simu ikakatika.

"Nibebe," akasema Mama. "Miguu imekufa ganzi. Tena usinitingishe."

Akambeba mgongoni. Alikuwa mzito, na maji yaliendelea kumtiririka Filimbi shingoni, mgongoni, mpaka kwenye viatu, kana kwamba nguo zile zilikuwa bado mtoni. Ngazi kumi. Thelathini. Sitini. Giza likawa giza. Kwenye kona ya katikati, mahali ngazi zinapobana kiasi kwamba watu wawili hawapishani bila kugusana, mikono miwili ya baridi ikamziba masikio.

"Upepo," Mama akasema, mdomo wake umemgusa kisogo. "Utakuingia kichwani. Inamisha uso utazame ngazi."

Akainamisha uso. Chini ya mikono ile alisikia mvumo, kama wa maji. Ndani ya mvumo kulikuwa na kitu kingine, kinapanda na kushuka... kama mtu anaita. Kitu kikamgusa bega, chepesi, kikapita. Akadhani ni tawi.

Mikono ikaondoka masikioni walipouona mwanga wa gari.

Dereva alikuwa amesimama nje, blanketi limekunjwa vizuri mikononi mwake. Akamtazama Mama aliyekuwa mgongoni, akatazama njia nyuma yao.

"Yuko wapi yule?" Filimbi akauliza.

"Ameshuka kukufuata. Alisikia ulichosema. Alikaa kidogo, akakunja blanketi, akasema, 'Ngoja nimfuate anione mwenyewe.'" Dereva akashusha sauti. "Amepita ngazi hizi hizi. Njia ni moja. Hamkukutana?"

"Hatukukutana na mtu."

"Tushuke na tochi."

"Twende zetu, kaka. Mama yangu namjua."

Dereva hakuondoka mara moja. Alimvuta Filimbi pembeni, nyuma ya gari.

"Wakati wa mvua, ulipomjibia... ulikuwa umemwangalia usoni?"

Filimbi akaishika filimbi yake shingoni.

"Waliotufunza kazi hii walitukataza," dereva akanong'ona. "Usimjibie mtu ambaye hujamwangalia. Ukisema yupo, hujui umemkaribisha nani. Na yule uliyemwacha bila kumwangalia..." Akakatisha hapo. Aliingia garini, na tangu siku ile hakuligusia tena.

Filimbi akapuliza filimbi. Wageni, waliokwisha kuchoka, wakaitikia. Yeye safari hii akageuka, akamtazama Mama usoni, akasema yupo. Mama akalalamika kwamba kiti kinachoma.

Wiki mbili zilizofuata nyumba haikupumua. Chai ilikuwa maji maji, shuka lilikuwa gumu, jirani alikuwa anacheka sana. Filimbi alijiambia afadhali, huyu ndiye. Hata hivyo alikuwa hatulii. Aliamka kabla ya jogoo, akazunguka sebuleni, akafungua madirisha kuitoa harufu ya mawe mabichi ambayo haikutaka kutoka. Na vidole vya Mama vilikuwa vimekunjamana, vyeupe kwenye ncha, kama vya mtu aliyefua kutwa. Siku ya kwanza Filimbi aliona ni sawa, alikuwa amelowa. Siku ya kumi na nne vilikuwa bado hivyo hivyo.

Jioni hiyo dada yake akarudi. Wakakaa wawili kizingitini, mabegi hayajafunguliwa, wakati ndani Mama anaikaripia sufuria.

Dada akacheka. "Kumbe ahadi yake haikumaliza hata siku moja."

"Ahadi gani?"

"Hakukwambia? Usiku wa kuamkia safari alikuja kukaa kitandani kwangu. Alikuwa anajua utamchukua, na kama usingemchukua angejialika. Akasema, 'Kesho nitafunga mdomo kutwa nzima. Hata akikosea sitamsahihisha. Nikisharudi kwenye gari nitamwambia amenifurahisha. Mtoto yule nimemnyima sana.' Yaani alikuwa anakariri kama mwanafunzi wa mtihani. Mimi nikalala, nikamwacha anakariri."

Filimbi alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Aliuona mdomo unafunguka na kufungika chini ya mbega. Aliuona umeumwa pale kwenye mpunga. Halafu akasikia, mara hii bila mikono masikioni, kile kilichokuwa ndani ya mvumo pale kwenye kona. Mtu aliita. Aliita jina la utotoni, lile ambalo hata dada alikuwa amelisahau, na alimgusa bega alipokuwa anapita, na mwanawe alikuwa ameinamisha uso anatazama ngazi.

Siku moja tu katika maisha yake mama yake alimwambia alichokuwa anakitaka. Na yeye akajibu, siye.

"Una nini?" dada akauliza. "Mbona umekuwa hivyo?"

Ndani, sufuria ilikuwa imenyamaza. Haikujulikana imenyamaza tangu lini. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, hatua mbili kutoka walipokaa.

"Njooni mle, wanangu," ikaita sauti.

Wakaingia. Filimbi hakujua afanye nini kingine, kwa hiyo akakaa mahali pake, akamega tonge. Mama akamaliza kupakua, akaketi mbele yake, akairekebisha miwani kwa vidole vyake vyeupe. Alimtazama muda mrefu. Kisha akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Siku ile ulinifurahisha, mwanangu," akasema, kwa upole. "Unaijua kazi yako. Sijawahi kukwambia, na nimekosa."

Dada akamshika Filimbi mkono chini ya meza, machozi yanamlengalenga kwa furaha. Filimbi alikuwa bado na tonge mdomoni, na halikushuka.