Mizizi ya Upande wa Pili

Ndugu zangu mnaoishi chini ya miti mikubwa, sogeeni karibu, maana haya yanawahusu.

Alasiri za nyumba ile zilikuwa tulivu. Mama mzee hukaa chini ya mkuyu akishona vifungo vya mashati, na mwanawe mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Seremala, hupiga randa kwenye karakana yake uani. Kivuli cha mkuyu kilifunika upande wake na upande wa mdogo wake, dereva wa lori. Chumba cha mama kilikuwa katikati, kimeegemea shina.

Nasema pande mbili kwa sababu baba yao alipofariki, ndugu hawa waligombea sehemu inayotazama barabara. Wakajenga ukuta katikati ya ua, ukakatizwa na shina la mkuyu, ukaendelea mbele yake. Tangu hapo wakanuniana. Hata salamu zao zilipitia kwa mama.

Basi mizizi ikaanza kuinua sakafu ya karakana. Benchi likayumba, milango ikatoka mshazari, wateja wakamcheka. Seremala akapandwa na hasira. Akachimba kando ya ukuta, akaikata kwa shoka mizizi yote ya upande wake, mingine minene kama paja, kisha akamwaga zege juu.

"Mwanangu, hutauua huo mti?" mama akauliza.

"Mama, mbao ndiyo kazi yangu! Mizizi ya upande wa pili inatosha kuushika."

Hebu niambieni, anayejua mbao ndiye anayejua mti? Mbao ni maiti ya mti, na huyu bwana alikuwa fundi wa maiti.

Mvua zikaja zikapita. Matawi ya juu yakakauka, majani yakapukutika wakati si wake, na uyoga ukaota shinani karibu na dirisha la mama. Mama akamwita Seremala.

"Huu mti unaumwa. Nenda kwa mdogo wako, mkae chini, mtafute mjuzi autazame."

"Mimi ndiye mkubwa. Aje kwanza aniamkie."

"Haya."

"Hamia kwangu basi, mama."

"Nikihamia kwako, atasema nimemtupa. Nikihamia kwake, utasema wewe. Niacheni hapahapa, niwe wa wote."

Maneno hayo yalimchoma. Siku moja alifika hadi mlangoni kwa mdogo wake, akanyanyua mkono agonge. Akasikia watu wakicheka ndani, akadhani wanamcheka yeye. Akaushusha mkono, akarudi kwake. Akaung'oa uyoga kwa mguu, akalipaka shina chokaa, pakapendeza.

Wala haikuwa dhoruba, jamani. Ulikuwa upepo wa kawaida, wa kupeperusha nguo kwenye kamba. Seremala alikuwa akipima fremu ya mlango aliposikia ardhi inapasuka. Mkuyu ulilala juu ya chumba cha mama, ukabomoa na ukuta.

"Mama! Mama!"

Kutoka upande wa pili sauti nyingine iliita vilevile. Wakakutana juu ya kifusi, wakafukua kwa mikono bila kuangaliana. Walimkuta ameshakata roho, shati la mmoja wao bado liko mapajani, na sindano imechomekwa kwenye kifungo.

Majirani walipomfunika mama, Seremala aligeuka akaliona shimo. Upande wake ilionekana mikato ya shoka lake, myeusi, imeoza. Upande wa pili palikuwa na mikato mingine, iliyonyooka, ya msumeno, pale mdogo wake alipopitisha mtaro wa maji machafu.

"Na wewe ulikata?"

"Nilijua mizizi ya kwako ipo, kaka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kaka tangu ukuta ujengwe. Mngedhani hapo wangekumbatiana, wakalia pamoja. Thubutu! Matanga hayajaisha, kila mmoja alishasema mikato ya mwenzake ndiyo iliyomuua mama. Ukuta umejengwa upya, na safari hii umenyooka moja kwa moja, maana hakuna shina la kuukatiza. Jua linachoma pande zote mbili. Seremala anapiga randa peke yake, na shati lake lenye kifungo kilichoning'inia hajampa mtu alishone.

FUNZO

Mti mkubwa hauna upande wako na upande wake. Usiukate mizizi, usiuzibe pumzi kwa zege. Ukiona matawi ya juu yanakauka, au uyoga unaota shinani, usifiche kwa chokaa, tafuta mjuzi mapema. Na kama mwenye upande wa pili mmenuniana, nenda kwake leo, hata kama wewe ndiye mkubwa, hata kama unasikia wanacheka. Seremala alinyanyua mkono akaushusha. Wewe gonga.